Kaka mwembamba mwenye kitambi: sukari na presha zatoka wapi?

Dada wa Malindi ameuliza kuhusu kakake: mikono miembamba, miguu miembamba, mizani yasoma kilo 74, ila tumbo limetangulia. Kapimwa, presha iko juu na sukari imeanza kupanda, na nyumbani hawaamini, eti kisukari ni cha wanene. Dadangu, hayo yalinipata mimi hapa Lamu, basi niwie radhi nikijibu kwa urefu.

Miaka yote nilivaa kanzu, na kanzu haimsemi mtu. Kilichonisema ni kikoi. Zamani nikijifunga, ncha ilipita mbele ikabaki shibiri nzima ya kupachika kiunoni. Ikafika mahali ncha zagusana tu. Nilikuwa nimeacha kazi ya bahari, nashinda dukani Langoni: asubuhi mahamri na chai ya maziwa, adhuhuri wali wa nazi, jioni kaimati barazani. Niliyemwendea kwanza alinitazama tu akasema, "Wewe huna mwili, huna shida." Mwaka mzima ukapotea hivyo, na bado naumia nikiukumbuka. Kisha muuguzi mmoja akatoa futi kama ya fundi cherehani, akaizungusha kiunoni: sentimita 104. Presha 152 kwa 96, sukari ya kabla ya kula 6.7. Akaniambia mwanamume akipita 94 aanze kujiangalia, na mwanamke 80.

Yeye ndiye aliyenifahamisha kwamba mafuta ya mwili si gunia la akiba. Yanafanya kazi, yanatoa homoni. Mojawapo ni adiponektini, iliyoelezwa na watafiti mara ya kwanza 1995. Hii huliambia ini lipunguze kumwaga sukari kwenye damu, na huiambia misuli ichome mafuta na sukari. Kwenye mishipa, huusaidia utando wa ndani kutoa naitriki oksaidi, hewa inayoulegeza mshipa ukapanuka, na huzuia chembe nyeupe za damu zisinate ukutani. Mimi nimekulia Matondoni. Jahazi likipandishwa pwani hupakwa deheni, yaani shahamu na chokaa, ili wadudu wa bahari wasishike wala wasitoboe mbao. Aliposema kuna mafuta yanayolinda, nilimwelewa papo hapo.

Ajabu yake ni hii: homoni yatoka kwenye mafuta, lakini mafuta yakizidi, homoni hiyo hupungua, hasa mafuta yakiwa ni yale ya ndani yanayozunguka ini na matumbo. Chembe za mafuta zikivimba kupita kiasi hukosa oksijeni ya kutosha, hutoa kemikali za uvimbe, na kemikali hizo huzuia adiponektini isitengenezwe. Ini likaanza kumwaga sukari ovyo, insulini, homoni ya kushusha sukari, ikafanya kazi kwa taabu, mishipa ikakakamaa. Ndiyo maana sukari na presha huandamana kama pacha. Na ndiyo maana mama mwenye mapaja na makalio makubwa, ambaye mafuta yake yako chini ya ngozi, aweza kuwa salama kuliko kakako ambaye mizani yamsifu.

Msiende kutafuta vidonge vya "kupandisha homoni". Wagonjwa wengi ambao moyo wao umechoka huwa na adiponektini nyingi, na kwao si dalili njema, kwa hiyo namba yake peke yake haitoshi kumwongoza mtu. Kinachotakiwa ni mafuta ya ndani yapungue.

Mimi baada ya swala ya alfajiri natembea ufuoni hadi Shela na kurudi. Chai haina sukari, hamri ni moja, wali nusu sahani na samaki wa kuchoma. Dawa ya presha sikuiacha hata siku moja. Baada ya miezi 8 kiuno 96, sukari 5.8, presha 132 kwa 84, na ile shibiri ya kikoi imeanza kurudi.

Mpime kakako asubuhi kabla hajala. Futi ipite katikati ya ubavu wa mwisho na mfupa wa nyonga, atoe pumzi kwanza, asilivute tumbo ndani. Kisha niandikie hapa umepata ngapi.