Homa isiyo na mafua: kabla ya kusema ni meno, mkojo wa mtoto upimwe

Mwanangu alikuwa na miezi 9 alipopata homa ya nyuzi 39 isiyo na mafua, kikohozi wala kuharisha, na kila aliyemwona alisema ni meno, jibu ambalo nililipokea upesi kwa sababu ndilo nililotaka kulisikia. Siku ya tatu, alipoanza kutapika na kukataa kunyonya, ndipo muuguzi mmoja alipouliza kama mkojo wake umepimwa.

Mtoto wa umri huo hawezi kusema kwamba mkojo unamchoma. Kwa aliye chini ya miaka 2, homa inaweza kuwa dalili pekee ya maambukizi ya njia ya mkojo, na kwa mchanga zaidi huonekana kulegea, manjano au uzito usioongezeka. Aliye chini ya miezi 3 akipata homa apelekwe hospitali siku hiyo hiyo.

Kupata mkojo safi ndiko kulikotutoa jasho. Mfuko wa kubandika ni rahisi, lakini mkojo wake huchanganyika na vimelea vya ngozi, kwa hiyo majibu yake yanaweza kupotosha. Afadhali kuudaka mkojo ukiwa unatoka, au mhudumu autoe kwa mpira mwembamba. Sisi tulimpangusa mtoto chini ya kitovu kwa pamba yenye maji baridi, naye akakojoa (nusu ikaishia kwenye nguo yangu). Kijiti cha kupimia hakikuonyesha nitriti, kemikali ambayo bakteria wengi huitengeneza kwenye mkojo, jambo ambalo halimwondolei mtoto shaka, kwa kuwa watoto wachanga hukojoa mara kwa mara na bakteria hawapati muda wa kuitengeneza kibofuni. Isitoshe, wapo bakteria wasioitengeneza kabisa. Bahati nzuri, mkojo ulipelekwa kuoteshwa, yaani kukuza bakteria waliomo maabara ili wajulikane, kabla ya dozi ya kwanza ya dawa ya kuua bakteria.

Saa 48 zilipita na homa haikushuka. Nilitaka kuomba dawa nyingine, lakini daktari alisema kwanza tusubiri majibu ya kuotesha, ambayo hayakuonyesha E. coli, bakteria anayesababisha maambukizi mengi ya aina hii, bali Pseudomonas, ambaye dawa nyingi za kunywa hazimwezi. Mtoto akahamishiwa dawa ya sindano iliyochaguliwa kwa majibu hayo.

Homa isiyosikia dawa kwa saa 48, bakteria asiye wa kawaida, mkojo unaotoka kwa kudondoka, uvimbe tumboni au mtoto kuzidiwa sana: lolote kati ya haya ni sababu ya mzazi kuuliza kuhusu altrasaundi ya figo na kibofu mapema, bila kungoja mtoto apone. Ya mwanangu ilionyesha figo moja imetanuka, na kipimo kilichofuata kikabaini kwamba mkojo ulikuwa ukirudi juu kutoka kibofuni.

Tangu hapo, chombo safi cha mkojo hukaa kwenye mkoba wake pamoja na nakala ya majibu yale, na homa yoyote isiyo na sababu ya wazi huanzia maabara.