Si Tulikubaliana?

Kuna wakati nilikuwa mweka hazina wa jumuiya yetu ndogo ndogo ya Kikatoliki hapa Malindi, na kila Kwaresima mimi ndiye niliyezunguka na kikapu: unga, maharagwe, sukari ya wazee. Wakati huohuo nilikuwa na kimgahawa karibu na soko, na mama aliyenikandia mahamri tangu saa kumi alfajiri alikuwa ananidai mshahara wa miezi miwili.

Sikujiona na kosa. Upepo wa kusi umeingia, mahoteli yamefungwa, watalii hakuna. Na hata huo mshahara mdogo, si tulikubaliana?

Kisha parokiani kukawa na semina ya Haki na Amani, juu ya Mafundisho ya Jamii ya Kanisa, yaani yale Kanisa linayofundisha kuhusu kazi, mali na haki. Nilikwenda kwa sababu ya chai, kusema kweli. Mkufunzi akaanza na Rerum Novarum, waraka wa Papa Leo XIII wa mwaka 1891, enzi za viwanda kuwala watu Ulaya. Papa anasema makubaliano peke yake hayatoshi: mfanyakazi akipokea ujira duni kwa kuwa shida imembana au anaogopa baya zaidi, huyo ameonewa, hata kama alisema ndiyo. Chai ikanipoa mkononi.

Wiki ile nikakopa, nikamlipa yule mama. Ni Mwislamu, mtu wa Shela, makamo ya mama yangu. Akazihesabu zile noti polepole. "Mwanangu, sisi Mtume alitwambia mfanyakazi alipwe kabla jasho lake halijakauka. Langu lishakauka zamani."

Kwa hiyo ukiniuliza pa kuanzia na Mafundisho ya Jamii ya Kanisa, nitakwambia usianze na ile Kompendio ya mwaka 2004, kitabu cha muhtasari wa mafundisho hayo. Ni nene, utalala. Anza na daftari lako: nani amekufanyia kazi na hujamlipa? Kikapu cha Kwaresima ni kizuri, lakini huwezi kutoa sadaka kwa pesa ya mwenzako.

Ukishalipa, soma ule waraka wa Papa Leo, halafu Quadragesimo Anno, waraka wa Papa Pius XI wa mwaka 1931. Huo ndio ulionisaidia mimi mwenye biashara ndogo. Unasema ujira umtoshe mfanyakazi na familia yake, ila hali ya biashara nayo itazamwe. Nikafurahi, nikadhani nimepata mlango wa kutokea. Mstari wa mbele unasema hasara iliyoletwa na uzembe wa mwenye mali si sababu ya kupunguza mishahara.

Nami nilikuwa nalipia mkopo wa friji ya pili, nimeijaza maji ya chupa.

Kusi iliyofuata nilimfungulia yule mama hesabu zote kabla ya kugusa mshahara wake. Akapitisha kidole kwenye ukurasa, akaniuliza mbona nanunua unga wa ngano kwa pakiti za kilo mbili wakati dukani kuna magunia.