Kupumzika Kilwa Kisiwani na Watoto: Anza kwa Kuuliza Maji

Mimi ni mwalimu, na ratiba ya safari yetu ya kwanza ya kwenda Kilwa Kisiwani, kisiwa chenye magofu ya mji wa kale wa Waswahili, niliiandika kama andalio la somo. Siku ya kwanza ilikuwa ya magofu ya Msikiti Mkuu, kasri ya Makutani, ngome iitwayo Gereza, na Husuni Kubwa. Siku ya pili ilikuwa ya Songo Mnara, kisiwa jirani chenye magofu pia. Siku ya tatu niliipa jina la "mapumziko", kana kwamba mapumziko ni kipindi cha mwisho kabla kengele haijalia. Tulitoka Mtwara mjini mimi, mume wangu na watoto watatu, mkubwa akiwa na miaka kumi na mmoja na kitindamimba minne. Tulirudi nyumbani tumechoka kuliko tulivyoondoka. Safari ya pili, mwaka uliofuata, ilikuwa tofauti kabisa, na ninayoyaeleza hapa yametokana na zote mbili.

Kosa kubwa lilitokea siku ya Songo Mnara. Jioni ya kuamkia siku hiyo nilikwenda kupatana na nahodha, mzee mwenye mashua ya mashine, na baada ya shikamoo na marahaba akaniambia tuondoke saa kumi na moja alfajiri. Nikamwomba isogee hadi saa tatu, kwa sababu watoto walikuwa wamechelewa kulala na nilitaka wanywe chai kwanza. Akanitazama, akacheka kidogo, akasema, "Sawa, mama. Saa tatu tutakwenda, lakini mwisho wa safari mtaumalizia kwa miguu." Nilidhani anatania. Tulipokaribia kisiwa ilikuwa inaelekea saa tano, maji yalikuwa yamekupwa hadi mbali, na mashua ikakwama kwenye mchanga huku mikoko ikionekana kwa mbele kama uzio. Tulishuka na kutembea katika tope lililofika magotini, mume wangu akiwa amembeba kitindamimba mabegani na mimi nikibeba dumu la maji, na mtoto wa kati alipoteza kandambili moja ambayo bila shaka bado imo mle. Magofu yale ni ya ajabu, lakini hakuna mtoto aliyeyatazama, kwa kuwa kila mmoja alikuwa anakwangua tope miguuni na kuuliza tutarudi lini.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza, kabla ya nauli na kabla ya chumba, ni kuuliza maji, yaani saa za bahari kujaa na kupwa. Maji hujaa kwa muda wa kama saa sita na kupwa kwa muda kama huo, na kila siku huchelewa kwa dakika zipatazo hamsini. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu ndipo huja bamvua, ambapo maji hupanda sana na kukupwa sana. Katikati yake, kwenye tarehe za nane na ishirini na mbili hivi za mwezi wa Kiislamu, ndipo yanapokuwa maji mafu, yasiyokwenda mbali. Pwani yetu hii, wakati wa bamvua, maji hujaa alfajiri na alasiri, na mnamo saa nne asubuhi ufuko huwa mtupu. Wakati wa maji mafu mambo hugeuka, na saa nne hiyohiyo maji yamefika karibu na miti, yametulia, na mtoto anaweza kuogelea hatua chache kutoka ulipotandika mkeka. Familia yenye watoto wadogo inayotaka kuogelea ichague siku za maji mafu. Inayotaka kutembea miambani kutazama pweza na viumbe wa madimbwini ichague bamvua. Kalenda ya Kiislamu iliyotundikwa ukutani inatosha kwa hesabu hii, ingawa nahodha atakuwa nayo kichwani kwa usahihi zaidi.

Jambo la pili ni kutazama gofu moja tu kwa siku, asubuhi, na kuondoka kabla jua la utosi halijafika. Najua ushauri huu utawaudhi watu waliosafiri mbali, kwa kuwa magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yako kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu 1981, na mtu hapendi kuacha kitu alicholipia. Hata hivyo mtoto wa miaka saba hana haja na orodha hiyo. Anachohitaji ni kisa kimoja na nafasi ya kukizungushazungusha akilini. Katika safari ya pili, siku ya Msikiti Mkuu niliwaambia kwamba msafiri Ibn Batuta alifika hapa mwaka 1331 na kuusifu mji huu, na kwamba sarafu za shaba zilizopigwa Kilwa ziliokotwa mwaka 1944 katika visiwa vya Wessel, kaskazini mwa Australia. Mkubwa alikaa chini ya kuba akiwaza sarafu ilivyofika huko, na sikumharakisha. Siku ya Husuni Kubwa, kasri iliyojengwa na Sultani al-Hasan bin Suleiman mwanzoni mwa karne ya 14, tulikaa muda wote kwenye birika lile la pembe nane, wakibishana kama lilikuwa la kuogelea au la kupozea miguu.

Kisa kilichowashika zaidi, lakini, ni kile cha masimulizi ya kale, kwamba Ali bin al-Hasan, anayetajwa kuwa mwanzilishi wa usultani wa Kilwa, alikinunua kisiwa kwa nguo iliyotosha kukizunguka chote. Binti yangu wa kati hakukubali kirahisi. Aliniomba kanga, ambayo ina urefu wa kama mita moja na nusu, akaitandaza mchangani kwenye ukingo wa maji, akaweka kifuu cha nazi mwishoni, akaiinua na kuitandaza tena kuanzia kwenye kifuu, na hivyo hivyo. Alifanya kazi hiyo kwa siku tatu, asubuhi na jioni, akiandika hesabu kwenye mkono wake kwa kalamu. Hakukuwa na mchezo wowote nilioupanga ambao ungemtuliza kiasi hicho, na mimi nilipata kulala mchana, jambo ambalo sikumbuki mara ya mwisho lilitokea lini.

Vibali vya kuingia kwenye magofu hupatikana Kilwa Masoko, mji ulio upande wa bara, kabla ya kuvuka, na ni vizuri kumchukua mwongozaji wa kisiwani. Mwambie mapema kwamba una watoto ili afupishe maelezo. Watoto waelezwe pia kwamba kuta hazipandwi, na kwamba vigae vya vyungu na vya mabakuli ya Kichina vilivyotapakaa chini havibebwi, hata kimoja, hata kidogo.

Kuhusu malazi, kuna wanaolala Masoko na kuvuka asubuhi, kwani kivuko ni cha kama kilomita mbili tu. Sisi mara ya pili tulipanga vyumba viwili kisiwani kwa mama mmoja aliyetupikia, na ndivyo ninavyopendekeza, kwa sababu jioni ya kisiwa ndiyo yenye raha yenyewe, ambayo anayelala Masoko huikosa. Chakula kilikuwa wali wa nazi, samaki, pweza na mihogo, na watoto wangu waliozoea kuchagua chakula walikula bila maneno. Msifikie kwa ndugu ikiwa lengo ni kupumzika. Mtapokewa vizuri mno, mtazungushwa nyumba zote za ukoo kusalimia, na likizo itaisha mkiwa mmevaa nguo za kutokea.

Maji ya kunywa tulivuka nayo kutoka Masoko, kwa sababu yale ya kisima yalikuwa na chumvichumvi ambayo tumbo la mtoto mgeni halikuizoea. Bebeni pia dawa ya homa, zile chumvi za pakiti za kumpa mtoto anayeharisha, na chandarua chenu chenye dawa, kwani hospitali ya wilaya iko Kilwa Kivinje, na usiku huwezi kufika huko kwa dakika chache. Jaketi okozi za ukubwa wa watoto ni shida kupatikana kwenye mashua, hivyo tulinunua zetu. Yeboyebo ni bora kuliko kandambili, na sababu mnaijua.

Kwa wenye watoto wa shule, likizo ni Juni au Desemba. Mimi nachagua Juni. Mvua zimekwisha, hewa ni ya baridi kidogo, na mbu wamepungua, ila upepo wa kusi huvuma kwa nguvu baada ya adhuhuri, kwa hiyo vukeni asubuhi. Desemba ina maembe, lakini joto lake ni zito na mvua za kusini huanza. Kutoka Mtwara basi hupita Mingoyo na kufika Nangurukuru, ambapo mnakunja kuelekea Masoko. Wanaotoka Dar es Salaam waulize kwanza hali ya barabara upande wa Somanga wakati wa mvua.

Usiku wa mwisho laleni Masoko ili msikimbizane na mashua na basi asubuhi moja. Sisi tulifanya hivyo, na binti yangu alivuka akiwa amenuna, kwa sababu alikuwa amefikia kanga ya 412 na hata Gereza lilikuwa bado linaonekana nyuma yake. Alipoishia ameweka jiwe kubwa, juu, mahali ambapo nahodha alimhakikishia kwamba bamvua haifiki.