Anasuka au anajisukia? Swali kuhusu hobi

SWALI: Assalamu alaykum maalim. Nina watoto mapacha, mmoja wa kike na mmoja wa kiume, tunakaa Wete. Wiki iliyopita walipewa insha ya nyumbani yenye kichwa "Uraibu wangu". Binti yangu aliandika kuhusu kusuka ukili, ule utepe wa ukindu unaoshonwa mikeka. Daftari likarudi na wino mwekundu: "Hii ni kazi, si uraibu." Pacha mwenziwe aliandika kwamba uraibu wake ni kulala na kuchezea simu, akatiwa vema. Mama yangu naye, aliposikia mjukuu wake ana uraibu, aliuliza ameanza lini kula tumbaku. Naomba kujua mambo mawili. Neno sahihi la hobi ni lipi? Na ni jambo gani hasa linalostahili kuitwa hivyo?

JIBU: Waalaykumu salaam, dada yangu. Nianze na mama, maana yeye ndiye aliyelisikia neno kama lilivyo.

Kwa wazee wetu wa Unguja na Pemba, uraibu ni kitu kinachokaa ndani ya kijaluba. Ni jani la tambuu, popoo iliyokatwa kwa mkasi wake, chokaa kidogo ya kupaka juu ya jani, katu, na kipande cha tumbaku kwa anayetaka. Mgeni akiingia hukaribishwa uraibu kabla hajaulizwa shida iliyomleta. Kutoka hapo neno likatanuka, likachukua kila kitu ambacho mtu akikikosa kichwa humuuma: kahawa ya asubuhi, sigara, ugoro. Siku hizi limefika mbali zaidi. Ukisikia "mraibu" kwenye taarifa ya habari, anayesemwa ni mtu aliyenaswa na dawa za kulevya, na huenda yuko katika nyumba ya upataji nafuu akijitahidi kutoka.

Wakati huo huo kamusi za Kiingereza na Kiswahili zilizotumika madarasani ziliandika kwamba hobi ni uraibu, na walimu wakazifuata. Siwalaumu. Neno lilikuwa na maana ya starehe ndani yake, na waliolichagua waliiona maana hiyo. Lakini maneno huhama, na hili limehama. Kinacholifanya jambo liwe uraibu ni kwamba mtu hawezi kuliacha, na mtu aliyeshikwa hivyo hatumwiti mwenye hobi. Kwa hiyo mimi ningeshauri neno hili liondolewe kwenye vichwa vya insha za watoto. Mama yako hakukosea hata kidogo.

Basi tuseme nini? Wengine husema "burudani". Neno hili ni ndugu wa "baridi": kuburudika ni kupozwa moyo. Ukikaa ukasikiliza taarabu usiku kucha umeburudika, lakini kazi yote imefanywa na mpiga fidla na mwimbaji, wewe umepokea. Wengine husema "pumbao" au "kipumbazo". Hilo nalipenda, ila watu hulikimbia kwa sababu linakaa jirani na "mpumbavu". Mtoto anayelia hupumbazwa kwa kijiko na sufuria mpaka mama yake arudi, na mtu mzima naye hujipumbaza ili saa zipite. Kuna "ushabiki", na huo una mambo yake. Na kuna "hobi" yenyewe, ambayo watu wameshaizoea na inafuata sarufi yetu bila matatizo: hobi yangu, hobi zangu. Mimi sina ugomvi nayo. Aandike "hobi".

Hapo nimejibu swali la kwanza. La pili ndilo lililonifanya nikae na barua yako siku tatu.

Tukishughulika sana kutafuta nomino tunasahau kwamba wenyewe mitaani hulisema jambo hili kwa kitenzi. Chukua kitenzi "vua". Mvuvi wa Kojani ukimkuta anapakia nyavu, atakwambia "nakwenda kuvua", basi. Sasa mchukue karani wa Chake Chake ambaye Jumapili hubeba mshipi na chambo chake akenda kukaa mwambani mpaka jua litue. Huyu hasemi anavua. Ukimuuliza atakwambia: "Najivulia zangu."

Tazama alivyoligeuza neno. Ameweka kiambishi cha kutendea, "vua" ikawa "vulia". Kauli ya kutendea siku zote inabeba swali ndani yake: anatendewa nani? Unaweza kumvulia tajiri, ukawavulia watoto chakula cha usiku, ukamvulia mgeni aliyelipia chombo. Karani ameijaza nafasi hiyo kwa "ji", yaani anayetendewa ni yeye mwenyewe. Kisha akaongeza "zangu", ile ile ya "nakwenda zangu", ya mtu asiyetaka kuulizwa na wala hakutumwa. Ndani ya maneno mawili ametoa maelezo ambayo kamusi ingeyaandika kwa mistari minne.

Na hivi ndivyo tunavyosema kila siku bila kufikiri. Najisomea zangu. Anajiimbia. Tunajichezea. Mie hujishonea zangu kofia. Angalia pia hiyo "hu" ya mwisho, ya mazoea: jambo la siku moja tu halistahili "hu", na mtu aliyekwenda kuogelea mara moja sikukuu ya Idi hawezi kusema "hujiogelea". Ukiyaweka pamoja, "hu" na "ji" na kauli ya kutendea, umepata hobi kamili. Ni jambo analolirudia mtu, kwa ajili yake, bila ya kutumwa.

Kuna mtego mmoja hapa, na ni lazima niutaje. "Kujipikia" kwa kijana anayeishi peke yake ni shida tu. Anajipikia kwa sababu hana wa kumpikia. Kwa hiyo "ji" peke yake haitoshi, lazima isikilizwe pamoja na sauti ya msemaji na hiyo "zangu" au "tu" inayofuata. "Najipikia" ya mtu aliyechoka na "najipikia zangu" ya mtu aliyesimama juu ya sufuria ya biriani Ijumaa akionja masala ni vitu viwili mbalimbali, na kila Mzanzibari anavitofautisha kwa sikio.

Nenda Forodhani jioni maji yakiwa yamejaa uone kitu hiki kwa macho. Vijana hukimbia kwenye sakafu ya mawe, wakachupa baharini mmoja baada ya mwengine, huyu amejikunja, yule amejigeuza kichwa chini miguu juu. Wakiwa peke yao wanajichupia. Mgeni akifika na kamera, akatoa noti, akaomba warudie lile la kugeuka mara mbili, basi sasa wanamchupia mgeni. Ukuta ni ule ule na maji ni yale yale. Kilichobadilika ni silabi moja tu: "ji" imeondoka, "m" imekaa mahali pake. Silaumu noti, vijana wanahitaji. Nasema lugha imeona badiliko kabla yetu.

Watangazaji wetu wa michezo wana neno zuri kwa jambo hili hili, nalo ni "ridhaa". Husema mpira wa ridhaa na mpira wa kulipwa. Ridhaa ni kukubali kwa moyo. Mchezaji wa ridhaa yuko uwanjani kwa sababu amekubali mwenyewe kuwepo. Wengi hudhani neno hili lina maana ya uchanga, kwamba wa ridhaa ni asiyejua bado. Sivyo. Klabu ya taarabu ya Nadi Ikhwan Safaa iliundwa mwaka 1905. Ikhwani ni ndugu, na safaa ni usafi wa nyoyo, na jina hilo limebebwa kwa zaidi ya miaka 100 na watu waliokutana kupiga muziki pamoja kwanza kwa sababu waliupenda. Huwezi kusikia kanuni, ile ala ya nyuzi nyingi, ikipigwa hivyo ukasema hawa wanacheza tu.

Na bao, je? Hili lazima nikae nalo kidogo, maana ndilo jambo ambalo watu wetu wamelipa saa nyingi kuliko jengine lolote. Bao la kete lina mashimo 32, safu nne za manane, na kete 64. Mwanzoni kila mchezaji huanza na kete 10 tu mbele yake, sita kwenye lile shimo maalumu liitwalo nyumba, zile nne nyengine zimegawika mbili mbili, na 22 zilizobaki ziko mkononi akizinamua, yaani akiziingiza mchezoni, moja moja. Nimekaa mara nyingi nyuma ya fundi seremala mmoja wa Ng'ambo ambaye baada ya sala ya laasiri hufuta vumbi la msumeno mikononi na kuketi barazani. Akitia kete shimoni hazihesabu nyengine. Anajua itapita wapi, italala wapi, na mwenzake atalia nini. Amejifunza tangu alipokuwa akichungulia chini ya makwapa ya wakubwa. Hakuna aliyemlipa hata thumni. Ukiuliza kazi yake watu watakwambia ni seremala. Ukiuliza yeye ni nani, watakwambia: "Yule ni mtu wa bao."

"Mtu wa bao." "Mtu wa bahari." "Mtu wa njiwa," kwa yule aliyejaza mabanda juu ya dari. Huu ni msemo mwengine tulionao, nao unaongeza kitu ambacho "ji" haikukisema. Haumwiti hivyo mtu anayefanya jambo ili muda upite. Unamwita hivyo mtu ambaye jambo limemwingia, ana ujuzi nalo, na jana yake si sawa na leo yake.

Hapa ndipo ninapokuja kwa mwanao wa kiume. "Hujilalia zangu" ni Kiswahili sahihi kabisa, ingawa kwa mtu mwengine utasema "hujilalia zake". Kulala bila kutumwa kuna ridhaa, sikatai. Lakini jaribu kusema "mtu wa kulala" mbele ya jamaa zake uone kama watafurahi. Kulala ni mapumziko, na mapumziko ni haki ya mwili, tusiyatie kwenye orodha ya hobi. Simu nayo inategemea. Kama anaitembeza kidole tu mpaka usingizi umchukue, hilo ni pumbao. Kama anapiga picha za vyombo vikiingia bandarini, akazikata, akaona kwamba ya leo imekaa vizuri kuliko ya juzi, hiyo ni hobi, na simu ni chombo tu kama msumeno. Mwulize kwa upole ni ipi kati ya hizo. Huenda alikuwa na jambo la kuandika, hakujua tu kwamba linahesabiwa.

Ama binti yako, insha yake imeniuma. Aliyeandika kwa wino mwekundu aliona ukindu akakumbuka mikeka inayouzwa sokoni, akahukumu kwa kitu badala ya mtu. Ingelikuwa kuogelea angelipata vema, na hali kuna watu hapa hapa visiwani ambao maji ndiyo riziki yao. Kusoma nako ni kazi ya watu wengi, mimi mmoja wao. Hakuna shughuli iliyozaliwa hobi wala iliyozaliwa kazi.

Swali la kumuuliza mtoto ni moja: anamsukia nani? Ikiwa bibi yake humwita, akampa kipimo, akamwambia asiondoke mpaka pima mbili zitimie kwa sababu mteja anakuja Alhamisi, basi anamsukia bibi, na mwalimu ana hoja. Ikiwa mwenyewe huchukua chane akakaa kizingitini, huchagua rangi ya zambarau aipachike baina ya nyeupe mbili, akakosea, akafumua, akaanza upya hali hakuna aliyemwona kakosea, basi anajisukia. Kule kufumua ndiko kunakonipa uhakika. Anayefanya kwa kuamrishwa haharibu alichokwisha kumaliza.

Utaniuliza: na akiuza? Si neno. Wako wanaoshona kofia za viua, zinazoweza kuchukua miezi mkononi, na wakapata fedha nzuri. Mnunuzi akisusa, mmoja ataiweka sindano chini akatafuta kazi nyengine. Mwengine ataendelea kutoboa na kuzungushia uzi kama kwamba hakuna kilichotokea. Wa pili alikuwa akijishonea tangu mwanzo, fedha ilimkuta njiani.

Mwambie binti airudishe insha. Abadilishe kichwa tu, aandike "Hobi yangu", na sentensi ya kwanza aiweke hivi: "Nikitoka chuoni jioni hukaa kizingitini kwetu nikajisukia ukili wangu, na hakuna aliyenituma." Chini ya hapo aache kila alichoandika, rangi kwa rangi, chane kwa chane. Na neno "uraibu" amwachie bibi yake kijalubani.