Kaseti kwanza, diski baadaye

Swali la wiki iliyopita lilikuwa hili: mtu anayetaka kuanza kukusanya gemu za video za zamani, zile za kuchomeka kwenye TV, achague zipi kwanza? Wengi watajibu kwa kutaja majina, na majina nitayataja. Lakini kwa aliyeko Lamu, au popote upepo wa bahari unapoingia hadi chumbani, kwanza aangalie gemu imehifadhiwa kwenye nini. Aanze na kaseti kabla ya diski, na katika kaseti aanze na zisizo na betri ya kuhifadhi mchezo. Chumvi haiulizi gemu ina sifa gani.

Mashine ya kuanzia ni Famicom ya Nintendo, iliyotoka Japani Julai 1983, au mojawapo ya nakala zake za bei rahisi ambazo ndizo wengi wetu tunazozijua. Kaseti zake zina pini 60. NES iliyouzwa Marekani na Ulaya karibu ni mashine ileile kwa ndani, ila kaseti yake ni kubwa zaidi, ina pini 72, na haiingii bila kipande cha kuunganishia. Muuzaji akikutumia picha ya lebo tu, mwambie apige na mdomo wa kaseti, kisha uhesabu: pini 30 upande mmoja ni Famicom, 36 ni NES.

Ukipata Famicom halisi ya Japani, usithubutu kuchomeka adapta yake ukutani. Ni ya volti 100 na umeme wetu ni 240. Tafuta adapta inayotoa volti 9 au 10 za DC (umeme wa mkondo mmoja), miliampea 850 au zaidi, na hasi iwe katikati ya plagi. Adapta ya NES ya Marekani usiiguse kabisa, maana inatoa AC (umeme wa mkondo geu, kama wa ukutani), na Famicom haina cha kuigeuza. Kasoro nyingine ni picha: Famicom ya asili hutoa picha kwa njia ya antena, kwenye masafa ya Kijapani, na TV nyingi za huku haziishiki. Kwa hiyo chukua ambayo fundi ameshaitoboa na kuitilia AV (matundu ya waya za picha na sauti), au ridhika na nakala yenye matundu ya AV tayari. Wanaodharau nakala wana haki kuhusu sauti, mara nyingi hupotoka kidogo, lakini kwa kuanzia inatosha.

Sasa majina. Ya kwanza kwangu ni Battle City ya Namco, 1985, ile ya vifaru. Ina hatua 35, wanacheza wawili kwa pamoja, na ukimpiga mwenzio risasi anaganda kidogo badala ya kufa, jambo linalotosha kuleta ugomvi barazani. Ina pia sehemu ya kujichorea uwanja wako mwenyewe. Halafu Super Mario Bros. ya 1985, Contra ya Konami, Adventure Island na Bomberman. Hakuna hata moja kati ya hizo inayotegemea betri. Unaiwasha, unacheza, unaizima.

Kaseti za “999999 in 1” zina sehemu yake, lakini nunua moja tu. Gemu za kweli ndani yake ni chache, zilizobaki ni zilezile zikianzia hatua tofauti au zikiwa na jina lililobadilishwa. Ukiifungua utakuta tone jeusi la gundi ngumu juu ya ubao, chipu iko chini yake. Ikifa, imekufa. Kaseti ya asili ina chipu zenye miguu iliyolehemiwa, na fundi anaweza kuzishughulikia.

Ukishika kaseti mkononi, itazame pini kwenye mwanga wa jua. Weusi ni uchafu tu. Ukijani ni shaba inayoliwa na chumvi, na hapo ndipo bei inaposhuka. Safisha kwa spiriti ya isopropili ya asilimia 90 kwenda juu na pamba ya masikio, ukisugua kufuata urefu wa pini, hadi pamba itoke nyeupe. Ile ya asilimia 70 ina maji mengi, basi iache ikauke vizuri kabla ya kuchomeka. Palipogoma tumia raba laini ya penseli. Msasa hapana, unaondoa dhahabu nyembamba iliyopakwa juu, na baada ya msimu mmoja wa unyevu pini zitakuwa kijani tupu. Kupuliza kwa mdomo ni kupaka mate kwenye shaba. Gemu inaonekana kupona kwa sababu umeichomoa na kuirudisha, si kwa sababu ya pumzi.

Kisha iwashe. Kaseti nyingi za Famicom zina chipu mbili, moja ya programu na nyingine ya picha. Muziki ukilia na gemu ikaenda huku michoro imevurugika, pini za upande wa picha hazigusi sawasawa: safisha tena, pamoja na mdomo wa mashine. Skrini ikibaki rangi moja bila sauti hata baada ya kusafisha mara kadhaa, usilipe.

Zenye betri, kama The Legend of Zelda na Kirby's Adventure za NES, zipime hivi: hifadhi mchezo, zima, chomoa kaseti, subiri dakika kumi, rudisha. Kama mchezo uliohifadhi umepotea, betri imekwisha. Ni CR2032 ya volti 3, na ununue yenye vibati vilivyoshikizwa tayari kiwandani. Kulehemu moja kwa moja juu ya betri huipasha moto hadi inaweza kupasuka. Kaseti ya NES inafungwa kwa skrubu za Nintendo zinazotaka bisibisi maalumu ya milimita 3.8. Na mwenye kaseti ajue kwamba kubadilisha betri kunafuta kilichohifadhiwa.

Kuhifadhi: zidaka za nyumba za mawe zinavutia kwa kupanga kaseti, lakini ukuta wa matumbawe unavuta unyevu wenye chumvi na kuutoa polepole. Tumia kontena la plastiki la chakula lenye kifuniko cha kubana, na vifuko vya silika ndani, ukivibadilisha vinapolowa. Mzigo ukitoka Mombasa, mwambie muuzaji afunge mifuko miwili ya plastiki, kwa sababu kutoka Mokowe, upande wa bara, utavuka kwa boti.

Diski nazipitia upesi. Za asili za PlayStation ya kwanza ni nyeusi upande wa chini, na nyingi za kuchoma (nakala za kompyuta) ni za fedha, kijani au buluu, rangi inayoharibiwa na joto na jua. Inua diski kwenye taa: ukiona vitundu vya mwanga, iache. Mkwaruzo wa upande wa lebo ni mbaya kuliko wa chini, kwa sababu tabaka la data liko chini tu ya lebo. Ukipangusa, toka katikati kwenda ukingoni, usizungushe. Ya kwanza iwe Tekken 3, kwani wawili wanapigana hata bila kadi ya kumbukumbu. Final Fantasy VII ina diski tatu, na zote ziingizwe kwenye mashine kabla hujatoa pesa.