Muulize Fundi: Kisu cha porini kwa elfu 50

SWALI: Fundi habari za kazi. Mi na washkaji zangu hapa Morogoro tumeanza kupanda Uluguru wikendi, tunalala kwenye mahema na kupika wenyewe. Nataka kisu kizuri kisichokunjwa, bajeti elfu 50 isizidi. Nimeona kimoja Kariakoo kikubwa, kina meno ya msumeno mgongoni na dira kwenye mpini, muuzaji anasema hicho ndo cha makomando wenyewe. Nichukue? (Mpanda mlima, Morogoro)

JIBU: Usichukue mdogo wangu, hiyo hela iache mfukoni kwanza tuongee. Mpini wenye dira kwenye kifuniko maana yake ndani ni mtupu, ule mkia wa chuma unaotakiwa kuzama kwenye mpini wameukata mfupi ili ipatikane nafasi ya kuweka ndoana na viberiti, kwahiyo kisu kizima kinashikiliwa na nati moja tu na siku ukikikandamiza kwenye mti mgumu kinabaki kimening'inia. Na yale meno ya mgongoni hayakati mti, yanaukwaruza tu, alafu yanakunyima sehemu ya kuweka dole gumba ukitaka kusukuma kisu kwa nguvu. Ile dira yenyewe sitaki hata kuizungumzia.

Sasa kabla ya kuulizia bei jiulize huko Uluguru unakatia nini. Nyanya, kitunguu, nyama, kamba, kuchonga vigingi vya hema, kukwangua vijiti vikavu upate vya kuwashia moto. Basi. Kazi zote hizo zinataka kisu chembamba chenye makali ya sentimita 10 hivi na unene wa milimita mbili na nusu mpaka tatu. Yale mavisu mazito ya milimita 5 au 6 unayoona kwenye video yametengenezwa kwa watu ambao hawana panga, wanataka kisu kiwapasulie na kuni. Sisi panga lipo kila nyumba bwana! Bebeni moja kwa kikundi kizima, kisu chako kifanye kazi ya kisu. Kisu kinene ukikatia nyanya kinaipasua badala ya kuikata, na mtu aliyebanwa na njaa huko juu hataki mambo hayo.

Kwa elfu 50 una njia tatu. Ya kwanza ni Morakniv kutoka mji wa Mora, Sweden, kampuni hiyo inatengeneza visu toka 1891. Ile yao inayoitwa Companion ndo inayopendekezwa sana kwa anayeanza, ina makali ya sentimita 10.4, mpini wa plastiki na raba ambao hauteleziki ukilowa, na ala ya plastiki. Ulaya na Marekani imekuwa ikiuzwa kama dola 15 mpaka 20, ila ulizia bei ya sasa. Mkia wake haufiki mwisho wa mpini na watu mtandaoni wanagombana sana kuhusu hilo, mi naona kwa kazi zako haina shida yoyote mradi usikigonge na gogo kupasulia kuni. Tatizo ni usafiri, ukiagiza kimoja peke yake nauli inaweza kukaribia bei ya kisu, kwahiyo kama una ndugu anakuja likizo kutoka huko mwambie akuletee, ila akiweke kwenye begi linaloingia chini ya ndege, asije akabeba mkononi wakamnyang'anya uwanjani.

Njia ya pili ndo wengi wanaidharau: kisu cha buchani. Chuma chake kinanoleka vizuri, ni chembamba, bei yake ya kawaida sana, unakosa kitu kimoja tu, ala. Nenda kwa fundi viatu akushonee ya ngozi ngumu, na mwambie aweke kipande cha ngozi cha ziada kule kwenye ukingo unaopokea makali, usipofanya hivyo kisu kitakula uzi wa mshono mdogo mdogo mpaka siku kinatokeza upande wa pili na kukuchana paja.

Ya tatu ni mhunzi. Gerezani pale Dar wapo, Nairobi unawakuta Kamukunji, na hata Morogoro ukiulizia hukosi. Hapa swali lako la kwanza lisiwe bei, liwe chuma kimetoka wapi. Akikwambia springi ya gari, endelea kumsikiliza, ile ina kaboni kama asilimia 0.6 na ndo hiyohiyo wanafulia sime nyingi. Akikwambia nondo, muage taratibu, nondo ya kawaida kaboni yake ni ndogo, hata uichome na kuitumbukiza kwenye mafuta mara mia haiwi ngumu ya kushika makali. Alafu muulize anakikomazaje. Chuma lazima kipate moto mpaka kiwe chekundu kisawasawa na sumaku isikishike tena, kizamishwe kwenye mafuta, kisha kirudishiwe joto dogo la kama nyuzi 200, maana bila hiyo hatua ya mwisho kinakuwa kigumu lakini kinavunjika kama sahani. Mhunzi anayeijua kazi yake atakuelezea mpaka umchoke, anayebabaisha utamwona anabadilisha mada.

Kikishakamilika nenda na tupa mpya ndogo, pitisha taratibu karibu na makali. Ikiteleza teleza na kuuma kwa shida, kimekomaa. Ikila kama inakula bati, ni laini, mrudishie. Na popote utakaponunua beba gazeti, kata karatasi hapohapo dukani, kigonge mpini kwenye kiganja usikilize kama kuna kitu kinacheza ndani, kishike kama unasukuma mbele uone kidole kinazuiwa na nini kisikimbilie kwenye makali. Muuzaji akinuna mwache anune.

Mi ningekuwa wewe ningeanza na cha buchani, chenji inayobaki ninunue kinoo chenye pande mbili. Kisu cha laki mbili kilicho butu kinashindwa na cha elfu kumi kilichonolewa, na wengi wenu mnanunua visu hamnunui vinoo.

SWALI: Shikamoo Fundi. Mume wangu ni mvuvi huku Pangani, kila kisu tunachonunua kinaota kutu ndani ya wiki. Kuna dawa? (Mama Zuhura)

JIBU: Marahaba mama. Kwa maji ya chumvi achaneni na chuma cha kaboni, chukueni stenilesi. Hata hiyo nayo inapata kutu ikiachwa na chumvi, ila polepole. Akirudi baharini akisuuze kwa maji yasiyo na chumvi, akifute kikauke, apake mafuta ya nazi kidogo. Na kisilale kwenye ala ya ngozi, ngozi inanyonya chumvi na unyevu inavitunza humo humo, ya plastiki yenye tundu chini la kutolea maji ndo inafaa. Kama bado anacho kile cha zamani kisitupwe, mkisugue na msasa laini kibaki jikoni kwako. Kikigeuka rangi ya kijivu kwa sababu ya ndimu na vitunguu usiogope, hiyo sio kutu, tena inakisaidia kidogo. Ile nyekundu ndo ya kuiondoa.

SWALI: Naruhusiwa kutembea na kisu kiunoni mjini? Rafiki yangu anasema ni haki yangu. (Msomaji, Arusha)

JIBU: Rafiki yako hatakuja kukutoa kituoni. Kisu kiunoni stendi kinawatisha watu, na sheria inamkamata anayetembea na silaha hadharani kwa namna ya kutia hofu, ukianza kumwelezea askari habari za kambi na nyanya umeshachelewa. Kiweke kwenye ala, ala katikati ya begi chini ya nguo, ukitoe ukifika. Na kama safari ni ya hifadhi ya taifa, piga simu uulize kabla hujaondoka nyumbani, ukifika getini usisubiri wakikute nacho, watajie mwenyewe.