Jibu: Mkutano wa kanda wa watunza bustani wa kujitolea, Arusha
Ndugu, umeuliza mkutano wenu ufanyike lini na kama wageni kutoka Kenya waje na mbegu. Napendekeza Februari, kabla ya masika, ili mbegu watakazobadilishana zipandwe mara warudipo. Kuhusu kuzileta, ombeni mapema kibali kwa Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, na wageni waje na cheti cha afya ya mimea, kwani hata kifurushi kidogo cha mnavu kisicho na karatasi kinaweza kuzuiwa mpakani Namanga, na inauma sana kupoteza mbegu iliyotunzwa na bibi wa mtu. Malazi hayatawasumbua. Ila siku moja itengeni kwa Tengeru, kwenye benki ya mbegu za mboga za asili ya World Vegetable Center, mkiwa mmeomba nafasi kwa barua.